Hori la Ouwerkerk, Agosti 2012: dawa iliyoua mwani, na kwa nini isimwagwe ovyo kwenye bwawa la kambamiti

Mwaka 2012, kiangazi cha Ulaya kikiwa kimepamba moto, mbwa mmoja alikufa huko Ouwerkerk, kijiji cha mkoa wa Zeeland, kusini-magharibi mwa Uholanzi. Tumboni mwake ilikutwa saksitoksini kwa wingi. Ni ile sumu ambayo mtu akila kome au chaza walioibeba huanza kufa ganzi midomo na vidole, na ikizidi, misuli ya kifua hulegea akashindwa kuvuta pumzi. Macho yakageukia hori la jirani, yaani mkono wa maji ya chumvi ulioingia ndani ya nchi kavu. Maji yake Agosti ile yalikuwa na seli zaidi ya milioni moja kwa kila lita za mwani mdogo usioonekana ila kwa hadubini, uitwao Alexandrium ostenfeldii. Kijiko kimoja cha chai kilichota seli zipatazo elfu tano.

Hori lile halikuwa na kambamiti hata mmoja wa kufugwa. Nimelichagua makusudi. Popote wafugaji wa kambamiti wanapokutana, iwe Mafia au Ngomeni, maji yakibadilika rangi swali huwa moja: kuna dawa gani ya kumwaga? Na siku hizi jibu linalotajwa haraka ni haidrojeni peroksaidi, kwa hoja kwamba haiachi mabaki, inageuka maji na oksijeni tu. Hoja hiyo ina ukweli, na sehemu kubwa ya sifa zake kwenye maji ya chumvi inatokana na kilichofanyika Ouwerkerk, kwa sababu ndipo ilipofaulu kwa mara ya kwanza nje ya maabara dhidi ya mwani wenye sumu wa baharini. Tatizo ni kwamba wanaokitaja kisa hiki hutaja nusu yake. Nusu nyingine ndiyo inayomhusu mwenye bwawa.

Maji yasiyoweza kukaa wala kutoka

Hori la Ouwerkerk ni kovu la mafuriko. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953 bahari ilibomoa matuta ya Zeeland na mikoa ya jirani. Watu 1,836 walikufa nchini Uholanzi. Pengo la mwisho lilizibwa hapo hapo Ouwerkerk mwezi Novemba mwaka ule, kwa makasha makubwa ya zege yaliyozamishwa yakawa ukuta. Maji yaliyosalia nyuma ya tuta jipya ndiyo hori la leo. Yana chumvi, lakini si kali kama ya bahari wazi, na yanapokea maji ya mitaro kutoka mashamba yanayolizunguka.

Nchi ile iko chini ya usawa wa bahari. Maji yakizidi hayana pa kwenda yenyewe, ni lazima yatolewe nje ya tuta, na ng'ambo ya tuta ni ghuba ya Oosterschelde, moja ya sehemu mashuhuri za Ulaya kwa kome na chaza. Kome wanaopigwa mnada Yerseke ni riziki ya watu wengi wa mkoa ule. Sheria ya Umoja wa Ulaya hairuhusu kuuza kome au chaza wenye saksitoksini zaidi ya mikrogramu 800 kwa kilo moja ya nyama, na chaza hana namna ya kukataa kinachokuja na maji: anachuja kila kitu, sumu inabaki mwilini.

Kwa hiyo wenye mamlaka ya maji walibanwa pande zote mbili. Wakiyafungia maji, mitaro ya mashamba itajaa. Wakiyaachia, wanapeleka seli milioni kwa lita kwenye vitanda vya kome. Kungoja mwani ufe wenyewe kulimaanisha kungoja wiki nyingi huku hori likizidi kujaa.

Nasisitiza ubano huu kwa sababu ndio uliohalalisha yote yaliyofuata. Waliotibu hori hawakuwa wakitafuta maji mazuri ya kufugia. Walikuwa wakitafuta ruhusa ya kufungua mlango wa maji.

Njia walizokuwa nazo

Fikiria kapu la dawa lililokuwapo duniani wakati ule. Kulikuwa na udongo wa mfinyanzi. Korea Kusini, baada ya hasara kubwa ya samaki wa vizimba mwaka 1995, ilianza kumwaga udongo mwekundu baharini mwaka 1996. Chembe za udongo hugandamana na seli za mwani zikazama pamoja. Ni njia inayofaa bahari wazi yenye kina. Katika maji mafupi unachokifanya ni kuhamisha mwani kutoka juu kwenda chini. Mfugaji wa kambamiti anielewe vizuri hapa: chini ndiko kambamiti wanakoishi na kula.

Kulikuwa na mrututu, dawa ya shaba ya rangi ya bluu inayojulikana tangu enzi za mashamba ya mizabibu. Mwaka 1957 ndege ziliunyunyiza kando ya pwani ya St. Petersburg, Florida, kupambana na wimbi jekundu, yaani mwani wenye sumu unaogeuza rangi ya bahari. Mwani ulipungua, na haukuchukua muda ukarudi. Ubaya wa mrututu ni wa aina tatu. Shaba haiozi, inakaa kwenye tope. Ni sumu kali kwa jamii ya kamba na kaa, maana matamvua yao hayaivumilii ikizidi. Na la tatu, ambalo wengi hawalifikirii: inaipasua seli na kuacha sumu iliyokuwa ndani ikimwagika majini.

Juu ya hilo la tatu kuna kisa kimoja ambacho kila mwenye kushika ndoo ya dawa angepaswa kukijua. Novemba 1979, katika kisiwa cha Palm, jimbo la Queensland, Australia, bwawa la maji ya kunywa la Solomon lilikuwa na mwani uliowaletea wakazi malalamiko ya ladha na harufu. Likatiwa mrututu. Siku chache baadaye watu 148, karibu wote watoto, waliugua ini na figo, wengi wakalazwa. Baadaye uchunguzi ulimwelekezea kidole Cylindrospermopsis raciborskii, sianobakteria (bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mwani) yenye sumu ambayo ilikuwa salama kiasi ilipokuwa hai na nzima. Kuua seli si sawa na kuondoa sumu. Mara nyingine kuiua ndiko kunakoitoa.

Ndipo ikaja haidrojeni peroksaidi. Timu ya Chuo Kikuu cha Amsterdam, pamoja na wahandisi wa maji, ilikuwa na ushahidi wa hivi karibuni mkononi. Mwaka 2009 walitibu ziwa dogo la Koetshuis, karibu na Veendam kaskazini mwa Uholanzi, lililokuwa limejaa sianobakteria aina ya Planktothrix agardhii. Walitumia takriban miligramu 2 kwa lita. Ndani ya siku chache sianobakteria walipungua kwa asilimia 99, na wakabaki wachache kwa wiki saba. Mwani mwingine na wanyama wa ziwa hawakuguswa sana.

Kwa nini miligramu 2 Koetshuis na 50 Ouwerkerk

Swali la maana zaidi katika kisa chote ni hili, na nitakaa nalo.

Mimea na mwani wa kweli, jua linapowaka, hutengeneza peroksaidi kidogo ndani ya seli zao wenyewe. Ni taka ya kawaida ya usanisinuru. Kwa kuwa wamezoea kuishi nayo, wana vimeng'enya vingi vya kuivunja. Sianobakteria wana njia tofauti: elektroni zinazozidi wanazirudisha kwenye oksijeni na kutoa maji moja kwa moja, bila kupitia peroksaidi. Hawajawahi kuihitaji ngao hiyo kwa kiwango kile, kwa hiyo wanayo nyembamba. Ndiyo maana miligramu 2 kwa lita ziliwamaliza Planktothrix na kuwaacha jirani zao.

Alexandrium si sianobakteria. Ni dinoflajeleti, seli kubwa, yenye bamba za kinga na ulinzi mkubwa zaidi dhidi ya peroksaidi. Tena ana hila. Akibanwa hujivua mikia yake ya kuogelea, akajikunja ndani ya utando na kulala kama kijipira kidogo, tayari kuamka hali ikitulia. Kipimo kinachomfanya alale bila kumuua ni kazi bure: ukipima kesho utaona maji yametulia, ukipima wiki ijayo atakuwa amerudi.

Watafiti hawakuhamisha kipimo cha Koetshuis wakakijaribu hori zima. Walianza maabara, wakiwa na Alexandrium yenyewe, kutafuta kiasi kinachomtosha. Kisha wakajaribu kwenye mfereji mdogo uliotengwa kando ya hori. Baada ya hapo ndipo wakaingia hori lote na mitaro yake kwa miligramu 50 kwa lita. Ni mara ishirini na tano ya kile cha Koetshuis.

Kuimwaga nako kulikuwa na ufundi wake. Peroksaidi nzito ikimwagwa kwa ndoo pembeni inaunguza kila kitu pale ilipoangukia na kuacha upande wa pili ukiwa haujaguswa. Walitumia chombo walichokiita haro ya maji, kinachokokotwa majini na kuitawanya dawa sawasawa kwa upana na kina. Mtu anaweza kukiona kipengele hiki kidogo. Mimi nadhani kilibeba nusu ya mafanikio. Kipimo cha miligramu 50 ni kipimo cha wastani, na wastani hauna maana kama kona moja imepata 300 na nyingine 5.

Matokeo, yote

Ndani ya saa 48, seli zinazoogelea pamoja na zile zilizojikunja zilipungua kwa asilimia 99.8. Sumu ya saksitoksini majini ilishuka chini ya kiwango cha mikrogramu 15 kwa lita kilichokuwa kimewekwa kwa eneo lile. Hapa peroksaidi iliizidi shaba kwa wazi: pamoja na kuzipasua seli, sumu nayo ilishuka, haikubaki ikielea kama ilivyokuwa Palm. Dawa yenyewe ilivunjika kuwa maji na oksijeni ndani ya siku chache. Mlango wa maji ungeweza kufunguliwa.

Kwa lengo walilojiwekea, ni ushindi, na sioni sababu ya kuupunguza.

Sasa ile nusu inayoachwa. Zooplanktoni, yaani vijinyama vinavyoelea majini, waliathirika vibaya sana. Samaki na wadudu wakubwa wa majini waliathirika kidogo. Na mwaka uliofuata Alexandrium ilionekana tena hori lile lile, ingawa kwa idadi ndogo zaidi.

Anza na hesabu ya asilimia 99.8. Inapendeza kutamka. Lakini ukiwa na seli milioni moja kwa lita, zinazobaki ni elfu mbili kwa lita. Kwa mnyama aliye hai ni nafuu kubwa mno. Kwa mwani unaozaliana kwa kugawanyika ni mbegu ya kutosha, mradi joto, mwanga, na mbolea vipo. Tena aina hii ya mwani ina mayai ya kudumu yanayolala kwenye tope kwa muda mrefu. Dawa ya majini haiyafikii kule yaliko. Mashamba yaliyozunguka hori nayo yaliendelea kuleta maji yake. Watafiti wenyewe waliiita njia hii ya dharura. Hawakuiita tiba.

Sasa lete kambamiti

Weka hori pembeni, fikiria bwawa la hekta moja lenye kina cha mita moja. Ni mita za ujazo elfu kumi. Miligramu 50 kwa lita ni gramu 50 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo bwawa zima linataka kilo 500 za peroksaidi halisi. Ukinunua ile ya viwandani ya asilimia 50, ni tani nzima ya kimiminika kinachounguza ngozi na kupofusha macho, kinachohitaji glavu, miwani, na maji safi ya kunawia yaliyo karibu. Kipimo cha Koetshuis, miligramu 2, kwa bwawa hilo hilo ni kilo 40 za kimiminika kile kile. Tofauti kati ya madumu mawili na lori dogo inategemea jambo moja: umejuaje ni mwani gani uko kwenye maji yako?

Rangi haikwambii. Maji ya kijani kibichi yanaweza kuwa ya mwani mwema anayetoa oksijeni mchana na kulisha vijidudu anavyokula kambamiti mdogo. Yanaweza pia kuwa ya sianobakteria wanaounguza utumbo. Aina iitwayo Schizothrix calcicola ilihusishwa tangu miaka ya 1970 na ugonjwa wa utumbo wa kambamiti wa kufugwa. Rangi ya kahawia inaweza kuwa diatomu, ambao wafugaji wengi huwapenda, au dinoflajeleti, ambao hawapendwi. Hadubini ya kawaida ya shule inatosha kutenganisha makundi haya makuu. Sianobakteria wengi huonekana kama nyuzi au mashada bila kiini, dinoflajeleti huogelea wakijizungusha, diatomu wana ganda la kioo. Mfugaji asiye na hadubini ampelekee mwenye nayo chupa ya maji asubuhi hiyo hiyo kabla seli hazijaharibika, iwe ni chuo, taasisi ya uvuvi au hata maabara ya shule ya sekondari.

Halafu kuna wale waliokufa Ouwerkerk. Zooplanktoni kwa sehemu kubwa ni kopepodi na viroboto wa maji, jamii ya magamba kama kambamiti mwenyewe. Mtu atanijibu kwamba wanyama wakubwa walipona, na kambamiti ni mkubwa. Ni jibu la haki, ila linasahau mambo kadhaa. Kambamiti anayeingizwa bwawani akiwa kifaranga ana urefu wa sentimita moja hivi, na umbile lake liko karibu zaidi na lile la zooplanktoni kuliko la kaa mzima. Aliyekua naye hujivua gamba mara kwa mara, na wakati huo hana gamba gumu la kumkinga. Katika hori, mnyama aliyebanwa ana kona ya kukimbilia, na wenzake wametawanyika. Bwawani wamejazana, matamvua yao tayari yamechoka kwa maji mabaya, na hakuna kona. Hori kupona si ushahidi kwamba bwawa litapona.

Tena kuna kile kinachofuata mwani ukifa. Hesabu ya kikemia inasema miligramu 50 za peroksaidi zikivunjika zote hutoa miligramu zipatazo 23 za oksijeni kwa lita, nyingi kuliko maji ya joto yanavyoweza kushika. Ndiyo maana wako wafugaji wanaoitumia kwa kiasi kidogo kuokoa bwawa lililoishiwa pumzi usiku. Lakini oksijeni hiyo huja mara moja ikaisha. Maiti za mwani huoza kwa siku kadhaa, zikila oksijeni usiku na mchana na kutoa amonia, huku mwani uliokuwa ukitengeneza oksijeni mchana na kunyonya amonia haupo tena. Mfugaji anayeona maji yameng'aa siku ya kwanza anapumua. Siku ya tatu alfajiri ndiyo ya kumwogopesha. Kambamiti huanza kudhoofika oksijeni ikishuka chini ya miligramu 3 kwa lita, na saa ya chini kabisa ni kabla ya jua kuchomoza, watu wakiwa usingizini.

Ukiniuliza, kwa bwawa lenye kambamiti ndani, mwani ukizidi, kazi ya kwanza ni kusimamisha chakula, kisha kukirudisha kidogo kidogo. Kwenye mabwawa yanayolishwa sana, nitrojeni ya chakula inayoishia kwenye mwili wa kambamiti huwa takriban robo tu. Inayobaki inakwenda majini na kwenye tope, na mwani unaila. Watu wanaogopa kupunguza chakula kwa kuona kilo zinapotea, wakati chakula chenyewe ndicho kilicholeta maji yale. Mashine za kuingiza hewa ziwashwe tangu jioni, zisingoje kambamiti waelee juu. Maji yabadilishwe kwa sehemu, yatolewe ya chini palipo na uchafu, na yanayoingia yapimwe kwanza. Kama mkondo wa nje nao umejaa mwani, kubadilisha ni kujiongezea. Sahani ya kupimia uangavu wa maji ishushwe kila siku saa ile ile: ikipotea kabla ya sentimita 25 umekwisha kuchelewa kidogo, ikionekana mpaka nusu mita na zaidi maji ni maskini. Namba ya siku moja haisemi kitu. Mwendo wake wa wiki ndio unaosema kama mwani unapanda au unakaribia kuanguka. Na kama kambamiti wamefikia uzito wa soko, kuvuna mapema ni uamuzi wa heshima kuliko kuwangojea.

Peroksaidi ina mahali pake, na Ouwerkerk inaonyesha ni wapi: kwenye maji yasiyo na kambamiti. Bwawa la akiba ambalo maji ya bahari hutulizwa kabla ya kuingizwa ni mahali pazuri, kwa sababu huko unaweza kuua, ukangoja, ukapima, ndipo ukafungulia. Mfereji wa kuingizia uliofungwa pande mbili nao ni sawa. Maji ya bwawa lililokwisha kuvunwa, kabla hayajaachiwa kwenda kwenye mikoko na kwa majirani wanaookota chaza na kombe, yanafanana kabisa na hori lile: hakuna anayeishi humo unayetaka kumlinda, na kuna walio nje ambao hupaswi kuwadhuru. Bwawa likiwa tupu, tope likikaushwa juani mpaka likapasuka, mayai ya mwani yaliyolala humo hupata msukosuko ambao dawa ya majini haiwezi kuyapa.

Jaribio la ndoo

Hatua tatu za Waholanzi, yaani maabara, mfereji mdogo, kisha hori zima, ndizo ninazoziona zifaazo kuigwa hata na mwenye bwawa moja, bila haro wala maabara. Chukua ndoo tano za lita 20, zijaze maji yale yale yanayokusumbua. Ya kwanza iache bila kitu. Kwa nyingine tumia peroksaidi ya duka la dawa ya asilimia 3: mililita 1.3 katika ndoo ya lita 20 hutoa miligramu 2 kwa lita, mililita 33 hutoa miligramu 50, na katikati unaweza kuweka vipimo viwili upendavyo. Zipimwe kwa bomba la sindano, si kwa kifuniko cha chupa. Ndoo zikae nje kwenye mwanga kama bwawa lenyewe, maana mwanga huongeza makali ya dawa kwa sianobakteria. Kama unafikiria kutibu maji yenye kambamiti, weka wachache katika kila ndoo pamoja na hewa, na uwaangalie kwa saa 48, usiku ukiwemo. Tazama sampuli kwa hadubini mwanzoni, baada ya siku moja na baada ya mbili. Ndoo isiyotiwa kitu ndiyo shahidi: wakifa humo pia, tatizo halikuwa dawa.

Ndoo hizo zitakuonyesha pia kitu ambacho hakuna mtu wa Ulaya angeweza kukupimia. Peroksaidi huvunjwa zaidi na vijidudu na uchafu kuliko na maji yenyewe, na maji ya joto yenye tope na chakula kilichooza huivunja haraka kuliko maji ya Zeeland. Kipimo cha 50 kule kinaweza kuwa kimepungua nusu hapa kabla ya jua kuzama. Kuongeza ovyo ili kufidia upungufu huo ni hatari, kwa hiyo kinachohitajika ni kupima kilichobaki. Vipo vipande vya karatasi vya kupimia peroksaidi, vinavyogeuka bluu kadiri ilivyo nyingi. Chovya kimoja ndani ya ndoo baada ya saa moja, kingine jioni, kingine asubuhi. Katika bwawa la akiba fanya vivyo hivyo kwenye pembe zote nne na chini karibu na mlango, na maji yasiingizwe kwa kambamiti mpaka karatasi za pembe zote zitoke bila rangi.